Nusu ya Sponji

Jumamosi, 7 Juni

Nimepata tangi la samaki. Ofisi ya wakaguzi wa hesabu inahama, nilikuwa nawashushia viyoyozi vyao ghorofa ya tatu, na meneja akasema: fundi, chukua na lile sanduku la kioo, samaki walishakufa zamani, sisi tunalitupa. Lina urefu wa mita moja na ushee. Halina ufa. Nimelipakia nyuma ya gari juu ya magodoro mawili kama bibi harusi, nikaendesha taratibu mpaka walioko nyuma wakachoka kupiga honi.

Daktari kasema presha imepanda. Kasema nitafute kitu cha kutazama jioni, kisicholia, kisichonipandisha ngazi. Nadhani alikuwa na maana ya maua. Basi nitamchanganyia — maua ndani ya maji, na samaki wa kupitapita katikati. Samaki peke yao kwenye kioo kitupu wananitia simanzi. Wanafanana na watu wanaongoja majibu ya vipimo.

Anayeyajua mambo haya ni Dada. Tangi lake lina miaka minane, majani yamesongamana mpaka ukuta wa nyuma hauonekani. Nilikuwa naliita bwawa la vyura, naye anacheka. Sasa siwezi kumuuliza. Tangu msimu wa joto uliopita hatusemeshani. Alikuwa ananishikia simu karakana, na siku moja, mimi niko juu ya ngazi tangu alfajiri, akampa mteja wangu mkubwa namba ya fundi mwingine. Bila kuniuliza! Eti aliona nimechoka. Nikamwambia mbele ya watu: kazi yako ni kupokea simu, siyo kufikiri. Akachukua mkoba, akasukuma kiti ndani ya meza vizuri, akaenda zake.

Mteja niliyempoteza ni wangu, lakini aliyenuna ni yeye. Haya.

Jumanne, 10 Juni

Duka la samaki liko kwenye uchochoro wa nyuma ya benki. Mwenye duka ni mwanamume mnene, mpole, neno lake la kwanza kwa kila mtu ni "subiri". Nimemwita Bwana Subiri. Sidhani kama anapenda kuuza. Mteja akiingia anamtazama kama mtu aliyekuja kuwachukua mateka watoto wake.

Nikamwambia nataka mimea. Akasema: basi udongo. Ana udongo mweusi wa punjepunje, unautandika chini unene wa vidole viwili, juu yake unafunika na changarawe laini usitibuke. Mmea unakula kwa mizizi, dada yangu, usipoutilia chakula chini utakufa umesimama.

Nikachungulia ndani ya gunia. Matope! Miaka ishirini napigana na matope kwenye trei za viyoyozi, leo niyanunue, niyatie ndani ya maji safi kwa mkono wangu? Pembeni kulikuwa na kokoto nyeupe, zimeoshwa, zinameta. Nikazichukua hizo. Akasema zitie tone la siki kwanza uone. Nikamwambia nimekuja kununua mawe, sikuja kutengeneza saladi.

Kwenye chujio ndipo tulipokaribia kugombana. Yeye ananionyesha sponji, ukubwa wa ngumi, imevalishwa bomba la plastiki, inapulizwa na kipampu cha hewa kisichozidi kiberiti cha jikoni. Viputo vinapanda, maji yanapita kwenye sponji, basi. Hilo ndilo chujio? Ndilo, anasema. Na subira. Nyuma yake kwenye rafu kulikuwa na debe lenye mota — mota nzuri, shafti ya kauri, nilitaka kuifungua pale pale. Akasema hiyo ni ya tangi mara mbili ya lako. Nikasema nifungie hiyo hiyo.

Kuchuja ndiyo kazi yangu. Mtu anifundishe samaki, sawa. Asinifundishe chujio.

Jumamosi, 14 Juni

Limejaa. Linapendeza kwa kweli, chini peupe, maji hayana hata vumbi.

Tatizo ni mimea. Nimepanda miche kumi na mitano, kila nikiugeuzia mgongo mmoja, mwingine unang'oka na kupanda juu. Mota inapiga wimbi. Majani yote yamelala upande mmoja kama yanakimbia kitu. Nimehamisha bomba mara nne.

Binti yangu alipita. Yeye ni mwalimu wa udereva, maisha yake yote anapita tu, daima kuna mwanafunzi anamngoja nje na mguu juu ya klachi. Akasimama mlangoni akacheka mpaka akashika fremu. Mama, hili ni tangi au mashine ya kufulia?

Nilikasirika, halafu nikakaa nikafikiri. Kila siku nawaambia wateja: usinunue kiyoyozi kikubwa kuliko chumba, utajuta. Nawaambia kwa sauti ya ukali kabisa. Mimi mwenyewe nimenunua.

Akasema atamwambia Mama Mkubwa nimeanza kufuga majani. Nikamkataza. Akasema ndiyo, mama, kwa ile sauti yake ya kutosikia.

Jumapili, 15 Juni

Siki. Nilikuwa jikoni, nikasema hebu nijaribu jiwe moja tu, nani ataona. Likachemka! Povu jembamba, sauti ya ssss. Ni chokaa tupu. Ile ile chokaa ninayoikwangua kwenye mabomba ya watu, mimi nimeinunua kwa gunia na kuwatandikia samaki wangu. Maji yangekuwa magumu, mimea ingedumaa.

Nimetoa kokoto zote kwa bakuli la plastiki. Mgongo umekwisha. Sijui kwa nini mtu akiniambia jambo kwa upole sisikii mpaka lipige kelele.

Alhamisi, 19 Juni

Nimerudi kwa Bwana Subiri. Hakuniambia nilikwambia. Alinipimia udongo mweusi, akanichagulia na changarawe ya kahawia, laini kama mtama. Akanieleza: nyuma uwe juu, mbele uwe chini, na maji uyamwagie juu ya sahani, polepole, usichimbe shimo. Nimefanya hivyo hivyo. Hata hivyo maji yaligeuka chai. Ilibidi niyatoe mara mbili.

Lakini mimea imeshika. Unautia mmoja na koleo, unasimama, haurudi juu. Na lile debe nimelibana koki mpaka nusu, sasa majani yanacheza kidogo tu. Nimekaa mbele yake baada ya kazi bila kufanya lolote. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nikamuuliza samaki lini. Subiri, anasema. Wiki nne, pengine sita. Chujio halijaiva. Nikamwambia chujio siyo maharage, mota inafanya kazi, maji ni safi, liive nini? Akaanza kueleza, akaja mwanamke na mtoto wakitaka kasa, mimi nikaondoka. Mpaka lini nasimama dukani nasomeshwa chujio.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekasirika.

Binti amepita mchana na mfuko wa plastiki umefungwa na raba. Ndani maji ya rangi ya chai, ndani ya maji kitu cheusi. Akasema Mama Mkubwa kakuletea, kasema utie kwenye chujio lako kama ilivyo. Nje honi inalia, mwanafunzi kazima gari katikati ya njia. Akakimbia.

Nikaufungua. Sponji. Sponji kuukuu ya tangi lake, nyeusi tii, inateleza, inatoa maji machafu ukiigusa. Na siyo nzima hata. Nusu! Imekatwa na mkasi, tena upande.

Miezi yote hii kimya, halafu salamu yake ya kwanza ni hiyo. Sponji aliyoitumia. Maisha yangu yote nimevaa alivyovivua. Viatu vyake vilivyolika kisigino, sweta lake lililotoka kiwiko, penseli yake iliyobaki kama kidole gumba. Mama alikuwa anasema mdogo hanunuliwi, mdogo anarithi. Sasa nina karakana, nina mafundi watatu wananiita bosi, nimenunua vitu vyangu vyote vipya dukani, na bado kuna mtu ananikatia nusu ya uchafu wake. Na amri juu yake: kama ilivyo.

Nikaichukua mpaka karakana. Nikaiweka juu ya waya wa kuoshea, nikaipiga ile sabuni ya koili za viyoyozi, ya buluu, tunayoyeyushia mafuta ya jikoni za hoteli. Nikaacha ikae. Nikaipiga maji ya presha. Nikaigeuza, nikairudia. Mara tatu. Uchafu ulitoka mweusi, kisha wa kahawia, kisha maji yakawa meupe. Ikatoka ya njano kama imetoka kiwandani.

Niliona raha, kusema kweli. Mikono ilikuwa inajua inachofanya.

Jumapili, 22 Juni

Nimeirudisha. Binti alikuja kula, nikampa ndani ya mfuko mpya. Nikamtuma maneno pia: mwambie nimemrudishia kitu chake kikiwa kisafi, na siku hizi sivai vya kuvuliwa.

Akanitazama. Akasema jamani, mama. Nikamwambia peleka tu.

Jumanne, 24 Juni

Bwana Subiri kanikatalia samaki. Mfanyabiashara anakataa kuuza! Basi kuna kijana anauza kwenye ndoo nje ya duka kubwa la vyakula. Nimechukua sita, wadogo, wana mstari wa buluu ubavuni. Nimewatia jioni. Wameingia kwenye majani wakapotea, halafu wakatoka wote sita kwa pamoja, wakageuka kwa pamoja. Nilicheka peke yangu.

Nilitamani kumwonyesha mtu. Naliandika hilo hapa, silisemi kwingine.

Alhamisi, 26 Juni

Maji yameanza kuwa na ukungu, kama ya kuoshea mchele. Mota ni nzima, nimeikagua. Nimeongeza kasi.

Samaki wako juu. Midomo yao iko kwenye uso wa maji, wanagugumia.

Ijumaa, 27 Juni

Watatu.

Jumamosi, 28 Juni

Leo nilimwacha azungumze mpaka mwisho. Laiti ningefanya hivyo tangu mwanzo.

Nilikwenda dukani na maji kwenye chupa ya soda. Bwana Subiri akayatilia dawa ya kupimia, yakageuka kijani kibichi, akatikisa kichwa. Amonia, anasema. Samaki anajisaidia humo humo anamopumulia. Wenye kuila hiyo sumu ni vijidudu, huvioni kwa macho, na nyumba yao ni sponji. Ule weusi, ule utelezi, ndio wenyewe. Chujio lisilo na weusi ni bomba tu linalozungusha sumu. Ndiyo maana nakwambia kuiva. Wanakuja polepole, wiki nne, wiki sita.

Nikamuuliza, na sponji ikioshwa? Akasema unaisugua taratibu kwenye maji ya tangi lenyewe. Ukiiosha kwa maji ya bomba umeua mji mzima. Sikumuuliza habari ya sabuni.

Halafu akasema mwenyewe, bila mimi kuuliza chochote. Njia ya mkato iko moja. Upate mtu mwenye tangi kongwe akukatie kipande cha sponji yake, uitie kwako na uchafu wake wote. Siku hiyo hiyo unaweka samaki. Lakini utampata wapi mtu huyo? Mimi nina matangi kumi na mawili humu, na kaka yangu wa tumbo moja nilimkatia kipande cha kiganja, na bado nilikuwa na wasiwasi.

Nikamuuliza: na mtu akikata nusu?

Akacheka. Nusu hakati mtu. Atabaki na tangi linachechemea. Samaki wake mwenyewe watapata shida, labda awe na mtu anayempenda kupita kiasi.

Sikumbuki nilivyotoka. Nilifika kwenye gari nikakumbuka nimesahau chupa, nikashindwa kurudi.

Alilikata tangi lake katikati. Miaka minane. Kwa ajili yangu mimi niliyemwambia hana kazi ya kufikiri. Hakuandika barua, hakuomba radhi, hakudai radhi. Alichukua mkasi. Na mimi nikaipeleka kwenye waya wa kuoshea.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu amehamia kabisa, kaja na mizigo yake.

Jumapili, 29 Juni

Nimeshinda na simu mkononi.

Asubuhi nilisema bado amelala. Dada anaamka kabla ya jogoo, najua, lakini nilisema. Mchana nikasema anakula. Saa kumi nikaandika ujumbe: Dada, ile sponji. Nikafuta. Nikaandika: Dada, hujambo. Nikafuta. Ningesema nini? Ulinipa mboni ya jicho lako nikaisugua na sabuni? Mtu anaanzia wapi?

Nitapiga kesho. Au nitakwenda kabisa, uso kwa uso ni bora. Wiki hii nina kazi ya benki, juu ya paa. Nitakwenda Jumamosi.

Samaki waliobaki watatu wako hai. Nawabadilishia maji kila siku kidogo kidogo, kama Bwana Subiri alivyosema. Mimea haijali chochote. Inakua.

Jumanne, 1 Julai

Niko kwenye paa la benki. Naandika upesi, mafundi wanadhani natengeneza orodha ya vipuri.

Binti kapiga. Anasema mama, Mama Mkubwa hayuko sawa, samaki wake wanakufa. Tangu jana. Amewatoa saba. Hata Bwana Afya kaanguka chini, analala ubavu.

Bwana Afya ni yule kambare mdogo mwenye ndevu, wa miaka yote minane. Tulimpa jina hilo mimi na Dada kwa sababu anashinda akikagua vioo.

Nikasema ni kwa sababu amekata sponji. Nilitaka iwe hivyo. Binti akasema hapana, alikuwa anajitahidi nayo, maji yalichafuka kidogo tu. Jumapili jioni akaona bora aongeze ile nusu uliyomrudishia. Ile uliyomsafishia. Akairudishia kwenye chujio.

Sabuni ya buluu. Sponji haitoki sabuni, nalijua hilo, nawakaripia mafundi wangu kwa hilo kila siku. Kwenye galoni imeandikwa kwa herufi nyekundu isiguse maji ya viumbe. Niliyabandika maandishi hayo ukutani mimi mwenyewe.

Jumapili jioni! Na mimi Jumapili saa kumi nilikuwa nafuta ujumbe. Kama ningesema neno moja, moja tu, hata lile la sponji peke yake lingetosha. Nilikaa nachagua maneno mazuri wakati yeye anavua kifuniko cha chujio.

Nimempigia sasa hivi. Akapokea: nani mwenzangu? Hana tena namba yangu. Nikasema, ni mimi, toa ile sponji, itoe sasa hivi, ina sabuni. Nikasikia maji. Akasema: ngoja nifute mkono.

Nashuka.

Jumanne, 1 Julai — jioni, kwa Dada

Bafuni kwake. Nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nangoja nyingine ijae. Nimekuja moja kwa moja na mkoba wa vifaa, daftari limo ndani. Bomba lake linatoka polepole, shinikizo la maji huku juu ni dogo. Bila kuandika sijui mikono niiweke wapi.

Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Dada kapungua, au ni mimi nimemsahau. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye mabega. Nikaanza: Dada, mimi— Akanipa ndoo.

Alikuwa na maji ya akiba yaliyotuama kwenye madebe, kama kawaida yake, tukayamaliza yote. Sasa tunachota ya bomba na kuyatilia matone ya kuondoa dawa ya klorini. Nimemletea makaa ya chujio tunayotumia kwenye vyumba vya kuvutia sigara, nimeyafunga kwenye soksi, nimeyaweka pale maji yanapopita. Hayo yananyonya sabuni. Hilo angalau nalijua. Majani yake yote yamesimama, hayana habari, lakini kati yake hakuna kinachopita. Wako watano wadogo kwenye kona. Na Bwana Afya, amelalia udongo kwa ubavu, shavu linafunguka, linakaa sana, linafunga. Mimi na Dada tunalitazama shavu hilo, hatutazamani sisi.

Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza.

Aliuliza tu: sabuni ipi, ya buluu? Nikasema ndiyo. Yeye ndiye aliyekuwa anaiagiza, anaijua. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuvuta maji kwa mpira.

Halafu akaanza kusema, ametazama kioo. Kwamba alipofungua ule mfuko mpya akaiona njano vile, alijua pale pale kwamba imekufa, hamna kitu ndani. Alicheka, anasema. Alijiambia: huyu mdogo wangu hajui samaki lakini anajua kuosha. Watu wanapanga foleni wamlipe awaoshee, mimi kanioshea bure, kashinda na brashi kwa ajili yangu. Akaiweka dirishani juu ya kitambaa. Wiki nzima. Anasema akipita na chai yake anaitazama. Akaona, ahaa, hasira zimemwisha. Na Jumapili maji yalipoanza kuchafuka, akasema hata kama ni tupu, ikikaa karibu na nusu mwenzake itashika mbegu upya. Ndipo akairudishia.

Nilikuwa nimeshika ndoo mbili. Nikamwambia sikujua kazi ya sponji. Nikamwambia sikujua kwamba ataitumia. Yote mawili ni kweli. Akasema, ningekwambia mwenyewe, kosa ni langu, nilituma kitu bila maelezo, nilidhani ukikiona utajua. Kosa lake! Anajilaumu yeye. Nikafungua mdomo, nikasema naenda kujaza ndoo.

Maneno yangu hayakufika. Nimelijua hilo nikiwa nimesimama pale. Binti hakuyasema. Sijui nimshukuru au nimpige.

Na ningeweza kuyaacha yasifike kamwe. Hilo ndilo ninalolifikiria hapa juu ya ndoo. Amepoteza tangi, miaka minane imekwenda na maji kwenye sinki. Kilichobaki mkononi mwake ni ile picha — mimi na brashi, nimeinama, namfanyia jambo jema. Nikimwambia ukweli nachukua na hiyo. Nikinyamaza, basi kila akinichekea nitajua anamchekea nani, na siyo mimi.

Ananiita kutoka sebuleni. Anasema Bwana Afya amesogea, au ni maji yamemsukuma, nije nione. Nikasema nakuja.

Sasa ameuliza kitu kingine. Anasema, hivi siku ile na sponji ulinitumia maneno gani? Nilimbana sana Binti, akasema ndugu wakigombana yeye anachukua jembe anakwenda kulima. Nikajua lazima kuna kitu ulisema. Anauliza kwa sauti ya kucheka, sauti ya zamani ile, ya karakana. Anasema alikuwa anaona haya kumwomba Binti namba yangu aniulize.

Nikamwambia sikusikii, bomba linapiga kelele.

Ndoo imejaa. Inamwagika kwenye viatu vyangu. Nimefunga bomba, na sasa nyumba nzima iko kimya, na ameuliza tena.